Sarufi naijua, mbona nikiandika Kiingereza makosa ni yaleyale?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma Kiingereza kuanzia shule ya msingi mpaka chuo, na ukiniwekea mtihani wa sarufi mezani napata alama nzuri tu. Shida ni pale ninapoandika mwenyewe. Kazini barua pepe zangu hurudi zimepigwa mistari myekundu, na makosa ni yaleyale kila wiki. Hii ni sehemu ya moja: 'We have received the equipments yesterday. The driver who we sent him is still waiting your signature. When I will finish checking, I will send you the informations. If you would tell me early, I would prepare everything. I have discussed about it with my supervisor and she said he has no problem.' Mkuu wangu ameniambia nijifunze kufikiri kwa Kiingereza, lakini sijui hilo linafanywaje. Nimewaza ninunue kitabu cha sarufi nianze upya ukurasa wa kwanza, au niiachie programu ya kompyuta inisahihishie kila kitu. Naona aibu, wenzangu wanadhani sikusoma. Nifanyeje?"

Marahaba, ndugu yangu. Pole kwa mistari myekundu, na ahsante kwa kuituma barua yenyewe badala ya kunisimulia tu. Sentensi hizo tano zinatosha kujibu karibu swali lako lote.

Unachouliza, nikikuelewa vizuri, ni hiki: inakuwaje mtu ajue kanuni lakini mkono wake usizifuate, na je, dawa ni kurudia kanuni zote? Nimehesabu makosa tisa katika barua yako. Hakuna hata moja lililotokana na uzembe, na hakuna ulilolibuni kutoka hewani. Kila moja ni Kiswahili safi kilichovaa maneno ya Kiingereza. Hiyo ni habari njema, kwa sababu kosa lenye chanzo kinachojulikana huwindika.

Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alitenganisha mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya. Kuna kuteleza, yaani ulimi au mkono unakosea jambo unalolijua na ukionyeshwa unajirekebisha papo hapo. Na kuna kosa lenye mfumo, linalorudi kwa sura ileile kwa sababu kichwani mwako lina kanuni yake. Miaka mitano baadaye, 1972, mwanaisimu mwingine, Larry Selinker, alieleza kwamba mwanafunzi wa lugha hujijengea lugha ya katikati, si ile anayotoka wala ile anayokwenda, na baadhi ya sehemu za lugha hiyo huganda zisibadilike tena hata mtu akisoma miaka mingi. Mtihani wa kuchagua jibu haugusi kabisa hapo palipoganda, kwa kuwa unapoufanya macho yako yote yako kwenye sarufi. Ukiandika barua ya kazi, akili iko kwenye mzigo, dereva na saini, na umbo la sentensi unaliachia mazoea. Mazoea yako ni Kiswahili. Ndiyo maana kuanza kitabu ukurasa wa kwanza kutakuchosha bure: utamaliza miezi kwenye sura unazozijua, na pale palipoganda utapita kama wengine wote.

Tuifungue barua. Sentensi ya kwanza nitaikalia zaidi, maana kwa maoni yangu hakuna kiambishi kinachomponza Mswahili katika Kiingereza kama -me-. Kwa Kiswahili cha kila siku mtu akisema "tumevipokea vifaa jana" hakuna anayeshtuka. Kazi ya -me- ni kutangaza kwamba jambo limekamilika na matokeo yake tunayo. Lilikamilika lini, yenyewe haijali. "Have" ya Kiingereza nayo hubeba matokeo, ila haikubali kukaa sentensi moja na wakati uliokwisha. Ukiona "yesterday", "last week", "in 2020", "two days ago" au "at nine o'clock", ondoa "have": "We received the equipment yesterday." Kama hutaji wakati, au unataja wakati ambao bado unaendelea kama "today", "this week" na "so far", "have" inakaa sawa: "We have received three letters this week."

Hapo hatujaimaliza -me-, kwa sababu ina sura ya pili. Tunasema amelala, amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika, na hatuzungumzii tendo lililokwisha bali hali iliyopo mbele ya macho. Mwanafunzi huandika "She has worn a red dress" akimaanisha kwamba gauni liko mwilini sasa hivi. Msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba aliwahi kulivaa siku fulani. Kipimo kiko ndani ya Kiswahili chenyewe: weka neno bado mbele ya kitenzi. "Bado amelala", "bado amesimama", "bado amevaa gauni jekundu" zote zinakubalika masikioni. "Bado amefika" haikai. Bado ikikubali, Kiingereza kinataka "is", "am" au "are": "He is asleep", "She is standing", "She is wearing a red dress", "I am tired". Bado ikikataa, basi ni "have" au wakati uliopita, kwa kanuni ya aya iliyotangulia.

Na kuna mahali Kiingereza kinadai "have" ambapo Kiswahili hakina -me- hata kidogo. "Nafanya kazi hapa tangu 2019" huzaa "I am working here since 2019". Jambo lililoanza zamani na linaendelea mpaka sasa, Kiingereza hulisema kwa "have": "I have worked here since 2019", au "I have been working here since 2019". "Since" hutaja mwanzo, "for" hutaja urefu wa muda: "for six years".

Sentensi ya pili: "The driver who we sent him". Angalia Kiswahili chake: dereva tuliyemtuma. Kile -m- kabla ya kitenzi ndicho kilichogeuka kuwa "him". Kwetu kirejeshi (hapa -ye-) na kiwakilishi cha mtendwa (hapa -m-) huishi pamoja bila ugomvi. Kitabu nilichokisoma kina -cho- na kina -ki-. Kwa Kiingereza "who", "which" na "that" zikishaingia, nafasi ya yule anayetajwa lazima ibaki tupu: "the driver we sent", "the book that I read". Ndugu wa kosa hili ni "My mother she works here", ambamo a- ya anafanya imetafsiriwa kuwa "she" ilhali "My mother" imeshaifanya kazi hiyo.

Katika sentensi hiyohiyo umeandika "waiting your signature", na kwenye ya tano "discussed about it". Moja imepungukiwa kihusishi, yaani neno dogo kama "for" au "about", nyingine imezidishiwa, na chanzo ni kimoja. Vitenzi vyetu hubeba vihusishi tumboni: subiri, sikiliza, tazama, tafuta, omba, tegemea, vyote hushika kitu moja kwa moja, na penye haja tunaongeza kauli ya kutendea, kama lipa na lipia. Kiingereza huweka mzigo huo nje ya kitenzi: "wait for", "listen to", "look at", "look for", "ask for", "depend on", "pay for". Upande wa pili, kujadili kuhusu jambo ni Kiswahili cha kawaida, lakini "discuss" tayari ina kuhusu ndani yake. Vivyo hivyo "enter" haitaki "into" ukiingia chumbani, "emphasise" haitaki "on", "contact" haitaki "to", na "request" ikiwa kitenzi haitaki "for". Angalia pia "nieleze": wengi huandika "explain me", na Kiingereza husema "explain it to me", ingawa "tell me" ni sawa. Hapa sina kanuni moja ya kukupa. Kitenzi kijifunze pamoja na mkia wake, kama neno moja, na kiandike hivyo kwenye daftari.

Sentensi ya tatu na ya nne ndizo zinazonisisimua, kwa sababu Kiswahili chenyewe kinakupa ufunguo. "When I will finish" ni nitakapomaliza, na -ta- iko mle ndani wazi kabisa. Huwezi kulaumiwa kwa kuitafsiri. Kiingereza husema wakati ujao mara moja tu, kwenye sentensi kuu, na upande wa "when", "after", "before", "until" na "as soon as" hubaki na umbo la wakati uliopo: "When I finish checking, I will send you the information." Tatizo linalofuata ni kwamba mtu akishafundishwa hivyo huanza kufuta "will" kila mahali, hata pale inapotakiwa, kama "I don't know when he will come". Uliza tu Kiswahili chake. "When" ikitafsirika kuwa lini, "will" ibaki. Ikitafsirika kuwa -po-, futa "will". "If" nayo ni hivyohivyo: ikiwa ni kama, katika "sijui kama atakuja", andika "I don't know if he will come", ikiwa ni -ki-, katika "akija nitakuambia", andika "If he comes, I will tell you".

"If you would tell me early, I would prepare everything" ni ungeniambia mapema, ningeandaa kila kitu. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili, nawe ukaweka "would" pande zote mbili. Kwa Kiingereza "would" hukaa upande wa matokeo tu. Upande wa "if" hurudi nyuma hatua moja ya wakati. Lakini kabla ya kuandika amua jambo ambalo Kiswahili cha siku hizi hakikulazimishi kuliamua, kwa kuwa wasemaji wengi wameshaacha kutofautisha -nge- na -ngali-: je, nafasi bado ipo, au imeshapita? Kama ipo: "If you told me early, I would prepare everything." Kama imepita, na kwa jinsi barua yako ilivyo naamini imepita: "If you had told me earlier, I would have prepared everything." Sentensi hizi mbili hazisemi jambo moja. Ya kwanza ni ombi la siku zijazo, ya pili ni lawama ya jambo lililokwisha. Ukikosea hapa unaweza kumlaumu mtu bila kukusudia.

"Equipments" na "informations" nitazipitia haraka. Taarifa kwa Kiswahili haibadiliki umbo, ila upatanisho hubadilika: taarifa hii, taarifa hizi. Vifaa ni wingi wa kifaa. Kwa Kiingereza maneno haya hayahesabiki, kama tusivyohesabu mchanga, na hayapokei "s" wala "a". Kundi lake linalotumika sana ofisini si kubwa: "information", "equipment", "advice", "furniture", "luggage", "work" ikimaanisha kazi, "homework", "research", "evidence", "progress", "feedback", "software". Yakariri kama wimbo. Ukitaka kuhesabu, tumia "a piece of advice", "two pieces of equipment". Kuna na kinyume chake: suruali na mkasi kwetu ni kimoja, kwa Kiingereza ni "trousers" na "scissors", wingi daima, nywele kwetu ni nyingi, ila nywele za kichwani kwa Kiingereza ni "hair" bila "s", nayo huchukua "is".

Limebaki "she said he has no problem", ambapo mtu mmoja amekuwa wawili. Nafsi yetu ya tatu, a-, haiulizi jinsia, hivyo kichwa hakina mazoea ya kuikagua. Programu ya kusahihisha mara nyingi hailioni kosa hili, maana sentensi yenyewe ni halali kabisa. Kilichoharibika ni ukweli. Ongeza juu yake "his" na "her". Kwetu -ake hufuata kinachomilikiwa, kaka yake, kitabu chake, nyumba yake. Kwa Kiingereza hufuata mwenye mali. Dada akija na kaka yake ni "her brother", ingawa kaka ni mwanamume.

Hii hapa barua yako ikiwa imenyooka: "We received the equipment yesterday. The driver we sent is still waiting for your signature. When I finish checking, I will send you the information. If you had told me earlier, I would have prepared everything. I have discussed it with my supervisor, and she says she has no problem with it." Sikugusa mpangilio wako wa mawazo. Ulikuwa mzuri tangu mwanzo.

Kabla ya dawa, yapo mengine ambayo hayamo katika barua hii lakini nakuhakikishia yamo katika nyingine. La kwanza ni yale maneno madogo "a", "an" na "the", ambayo Kiswahili hakina. Sitakudanganya: hayo huwa ya mwisho kunyooka, na watu wenye Kiingereza kizuri sana bado huyakosea. Usianze nayo yote. Shika kanuni moja tu: nomino inayohesabika, ikiwa umoja, haitembei uchi. Lazima mbele yake pawe na "a", "the", "my", "this", "each" au kitu cha aina hiyo. "I sent letter" haiwezekani. Ni "a letter", "the letter" au "my letter". Ukishindwa kuchagua kati ya "a" na "the", rudi kwenye Kiswahili. Kwa vitu visivyo na uhai, mara nyingi "nimesoma kitabu" ni kitabu chochote, "I have read a book", na "nimekisoma kitabu" ni kile tunachokijua sote, "I have read the book". Kumbe hisia unayo, ila wewe huipachika kwenye kitenzi na wao huiweka mbele ya nomino. "An" nayo hufuata sauti wala si herufi: "an hour", "a university", "an MP".

La pili ni "s" ya "she works". Kiswahili hutaja mtenda mwanzoni mwa kitenzi, na maneno yetu mengi huishia kwa irabu, kwa hiyo sikio letu limezoea kusikiliza mwanzo wa kitenzi. Kiingereza huficha habari hiyo mkiani, kwa "s", na wakati uliopita kwa "ed" ambayo katika "walked" husikika kama t nyembamba. Dawa yake ni kusoma kwa sauti ukikaza mwisho wa kila kitenzi, hata kama itasikika kama unatia chumvi.

Mengine ni ya maana zaidi kuliko umbo, na ni hatari kwa sababu hakuna anayeyapigia mstari. "Tulikwenda na rafiki yangu" yaweza kuwa watu wawili tu. "We went with my friend" ni angalau watatu. Ukiwa wewe na rafiki tu, sema "I went with my friend". Ukiulizwa "Haven't you finished?" nawe hujamaliza, Kiswahili hujibu ndiyo, sijamaliza, Kiingereza hujibu "No, I haven't". "Yes" peke yake itamfanya aamini umemaliza. "Niazime kalamu" si "borrow me a pen" bali "lend me a pen", na "nasikia baridi" ni "I feel cold", maana "hear" ni ya masikio peke yake.

Kuhusu kufikiri kwa Kiingereza: mkuu wako ana nia njema, lakini huo ni ushauri unaoeleza matokeo bila kutaja njia. Hakuna anayejiamuru afikiri kwa lugha fulani. Kinachowezekana ni kujua ni wapi hasa Kiswahili chako hupenyeza, kisha kuvizia hapo.

Na programu ya kusahihisha? Itumie, lakini kama mwamuzi, isiwe mikono yako. Itakamata "equipments" na "discussed about". Jinsia iliyogeuka, "we" iliyozidi na "if" yenye maana isiyokusudiwa mara nyingi itaviacha vipite. Ukibonyeza kukubali kila pendekezo, barua itatoka safi na wewe utabaki ulivyo. Ikikuonyesha kosa, lirekebishe kwa kuandika mwenyewe, kisha jiulize ni Kiswahili gani kilichokuleta hapo. Uwe macho pia: baadhi ya inachopigia mstari si kosa. Kumaliza sentensi kwa kihusishi, kama "the person I spoke to", ni Kiingereza halali. "I already sent it" ni ya kawaida Marekani, ilhali Uingereza wengi hupendelea "I have already sent it". Chagua upande mmoja, ubaki nao.

Sasa kazi yenyewe. Kusanya barua zako kumi za karibuni, zile ulizoandika bila msaada, na uzipitishe kwa mtu au programu. Usisome masahihisho kama hukumu, yahesabu. Chora safu, moja kwa kila aina ya kosa: "have" na wakati, vihusishi, "will" baada ya "when", nomino zisizohesabika, jinsia, "a" na "the", na kadhalika. Weka alama kila linapotokea. Kwa kawaida aina nne au tano hubeba sehemu kubwa ya mistari myekundu yote. Chagua mbili tu: ile inayojirudia zaidi, na ile inayopotosha maana zaidi. Hizo ndizo za wiki mbili zijazo. Mengine yaache yapite, hata ukiyaona. Najua inauma kuyaacha, lakini anayewinda sungura kumi kwa pamoja hurudi mikono mitupu.

Kila siku, dakika kumi hadi kumi na tano, andika sentensi tano kuhusu siku yako zinazolazimisha yale mawili kutokea. Kama unavizia "have", andika tatu zenye wakati uliotajwa na mbili zisizo nao. Halafu kwa kila barua ya kazi, kabla ya kuituma, tumia kitufe cha kutafuta cha kompyuta. Tafuta "have" na "has", na kila inapotokea angalia kulia kwake kama kuna wakati uliokwisha. Tafuta "when" na "if", uangalie kama "will" au "would" imejificha upande huohuo. Tafuta "who" na "which", uangalie kama "him" au "it" inafuata bila kazi. Tafuta "he", "she", "his" na "her", na kwa kila moja utaje kimoyomoyo jina la mhusika. Barua ya aya tatu huchukua kama dakika mbili kwa kosa moja. Usikague makosa yote kwa msomo mmoja, kwani jicho hurudi kwenye maana na kuyaruka. Na ukiweza, iache barua dakika ishirini kabla ya kuikagua.

Daftari liwe na pande mbili: kushoto Kiswahili kilichokuponza, kulia Kiingereza sahihi. Sentensi mbovu usiiandike kabisa, isije ikakukaa kichwani. Funika upande wa kulia ujijaribu kesho yake, kisha baada ya siku tatu, wiki moja, na wiki tatu. Mwisho wa wiki mbili hesabu upya kwenye barua kumi mpya. Kosa likishuka kutoka alama kumi na mbili hadi mbili au tatu, lihamishie kwenye ukaguzi wa kawaida na uchukue jingine. Mazungumzo yatachelewa nyuma ya maandishi kwa miezi. Hilo ni la kawaida, na usijikatize katikati ya sentensi ili kurekebisha "a" iliyokosekana. Maliza wazo lako kwanza.

Kuna hali ambazo ushauri wa maandishi hautoshi. Kama umehesabu kwa miezi miwili na alama hazishuki, au mtu akikuwekea kidole kwenye sentensi bado huoni kasoro, unahitaji mwalimu wa ana kwa ana. Kama una mtihani wenye tarehe, mfano IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ambamo katika sehemu ya uandishi sarufi ni kigezo kimoja kati ya vinne na kila kimoja kina uzito wa asilimia 25, na muda uliobaki ni chini ya miezi mitatu, mtafute mapema, kwa kuwa vigezo vingine vitatu navyo vinahitaji mtu wa kuvipima. Mkataba au hati ya kisheria impelekee mhariri hata kama Kiingereza chako kimenyooka. Na kama kusoma na kuandika Kiswahili nako kunakusumbua vivyo hivyo, herufi zinarukana au mstari unapotea, hilo si suala la sarufi ya Kiingereza. Onana na mtaalamu wa matatizo ya kusoma akupime.

Ukimpata mwalimu, usimwambie "nifundishe sarufi", maana atakuanzishia ule ukurasa wa kwanza. Mpelekee jedwali lako la alama na barua tatu. Mwombe apige mstari tu chini ya kosa bila kulisahihisha, wewe ulitafutie jibu mbele yake, na akuulize kila mara: kwa Kiswahili ulitaka kusemaje?